Mbao Tatu za Mjomba

9 Februari

Mpwa wangu Bata,

Ubao wako wa kupandia mawimbi umeondoka asubuhi hii juu ya lori la magodoro. Dereva nilimwapisha asiuegemezee kitu chochote. Akaniambia, mzee, huo ubao utasafiri vizuri kuliko mimi ninayeendesha. Nimeuzungushia mablanketi mawili ya mkazamjomba wako, na hajui. Yarudishe upesi, la sivyo mimi ndiye nitakayelala karakana.

Nimeuita Kitanda. Ni mrefu, mpana, mnene, una pezi moja tu nyuma, na hauna haraka na mtu. Nimemtengenezea mtu anayetoka kuugua. Najua umechoka na pole za watu, kwa hiyo yangu naibakiza. Ulianguka kwenye ngazi ya stoo ukiwa na robota la vitambaa begani, kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika, wakakiunga kwa vyuma, mfupa ukashika. Hayo yamepita. Lililobaki ni kujua kama utasimama tena juu ya maji kama zamani, na hilo daktari wa mifupa hawezi kukujibu.

Anzia kwenye ufuko wa mchanga, kule wimbi linakofika limeshavunjika na kuwa povu. Usione aibu kuchezea maji ya watoto. Ukiweza hapo, nitakutengenezea mwingine mfupi zaidi, kisha mwingine, hadi urudi pale ulipokuwa.

Sheria yangu unaijua tangu nilipokuwa nakushika kiuno usizame. Ubao wangu hautoki bila ahadi ya taarifa, na taarifa ni ya barua. Kwenye simu watu husema yanayopendeza. Nataka kujua wimbi lilikuwa la namna gani, ulisimama vipi, ulianguka upande gani. Usiniandikie "mzuri, mjomba, asante". Hiyo si taarifa, hiyo ni kadi ya harusi.

Mjomba wako, fundi


2 Machi

Shikamoo mjomba,

Mablanketi yamo kwenye kifurushi hiki, yamefuliwa. Ndani nimeweka na aproni mpya ya karakana, nimeishona kwa mabaki ya turubai. Ile yako ya zamani mkazamjomba aifanye dekio.

Sasa taarifa. Unajua nina Jumapili tu. Siku nyingine tunashona sare za wauguzi, na utepe wa kupimia hautoki shingoni mwangu hadi jioni. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza nilikuwa pale ufukoni kabla mume wangu hajamaliza kujinyoosha. Mawimbi yalikuwa mafupi na mavivu, yanafika magotini yamekwisha nguvu. Nikalala juu ya Kitanda, nikapiga makasia kwa mikono, povu likanisukuma, nikasimama. Mjomba, nilisimama. Si kwa muda mrefu, lakini nilisimama, na nikalia palepale majini ambapo hakuna anayejua ni machozi au ni chumvi.

Nakwambia wewe kwa sababu sijamwambia mwingine. Tangu nianguke, kila mtu ananishika mkono: kwenye ngazi, kwenye kivuko cha barabara, hata kazini wananiletea kiti nisichokiomba. Kule majini peke yake ndiko hakuna wa kunishika. Nikikosa kule, nitakuwa mgonjwa maisha yangu yote, hata nikipona.

Kikasoro ni kimoja. Nasimama kama ulivyonifundisha, mguu wa kushoto mbele, uso ukitazama kulia. Kwenda kulia nakandamiza vidole, na ubao unakwenda, tena unakwenda mbio kuliko ninavyotaka. Kwenda kushoto nakandamiza visigino, na hapo hakuna kitu. Kisigino cha mguu ule kinabonyeza kama kinaomba ruhusa. Ubao unarudi kulia wenyewe, nami nadondoka mgongo mgongo. Ni mguu, nitaufanyisha mazoezi.

Mpwa wako, Bata


20 Machi

Bata,

Taarifa yako ni nzuri, nimeisoma zaidi ya mara moja. Aproni inanikaa.

Nieleze zaidi kuhusu huko kurudi kulia. Unarudi ukiwa umesimama tu, au hata ukiwa umelala unapiga makasia? Mwanzo wa wimbi au mwisho? Usiniandikie kuhusu mguu, niandikie kuhusu ubao.

Nimekwishaanza wa pili, utakufikia kabla ya mwezi kwisha. Huu ni mfupi, mkia wake wa mviringo, una mapezi matatu. Nenda nao kwenye mlango wa mto, pale mchanga wa chini umejijenga vizuri na wimbi linafunguka pande zote mbili. Kingo zake nimezipiga randa polepole sana kuliko kawaida yangu. Nimebadilisha na taa zote za karakana, upande huu na upande ule, maana zile za zamani zilikuwa zimefifia.

Kazi za watu wengine nimezisimamisha kwanza. Nataka nimalize wako.

Mjomba wako, fundi


19 Aprili

Shikamoo mjomba,

Umeuliza kuhusu ubao nami sina la kusema juu ya ubao ila sifa. Huu wa pili mwepesi, nikiubeba kwapani nasahau kama nimebeba kitu.

Mlango wa mto ulikuwa na mawimbi ya kifuani, yamenyooka, yanafunguka kulia na kushoto kama ulivyosema. Ya kulia nilipanda nikashuka kwa raha. Vijana waliokuwa majini walinipigia mluzi. Ya kushoto nimekiona cha mtema kuni. Nashuka, nageuza mwili, nakandamiza kisigino kwa nguvu zote mpaka paja linatetemeka, na ubao unakataa, unanitupa kulia ndani ya povu. Jumapili nne hivyo. Hata nikiwa nimelala unakwenda upande wa kulia, naona ni kwa sababu mguu wa kulia unaning'inia vibaya nyuma.

Mume wangu, ambaye kazi yake ni kukaa mchangani akila karanga na kutoa hukumu, alisema, "Si uchukue utepe wako upime huo ubao kama uko sawa?" Nilimkata jicho. Mimi napima mabega ya watu kila siku, nakuta bega moja liko chini, kiuno kimepinda, na wenyewe hawajui. Lakini kuweka utepe kwenye kazi yako? Ni sawa na kunusa chakula alichokupakulia mama mkwe. Nimemwambia mjomba wangu anatengeneza mbao tangu wewe unatambaa, na hajawahi kutoa uliopinda.

Asubuhi kabla ya kazi nasimama kwa mguu mmoja jikoni nikisubiri chai ichemke. Mguu nyumbani unanitii. Majini unanisaliti. Sielewi, na inaniuma, mjomba, sikufichi.

Mpwa wako, Bata


3 Mei

Mwanangu Bata,

Mimi ni mkazamjomba wako. Yeye hajui kama nakuandikia. Nimekaa jikoni, yeye yuko karakana, na randa naisikia kutoka hapa.

Nashukuru kwa mablanketi. Nilikuwa nimemtuhumu jirani.

Nakuandikia kwa sababu wewe anakusikiliza. Mwambie apumzike. Anashinda karakana tangu asubuhi kwa ajili ya ubao wako, na akitoka ni mkali kama pilipili. Juzi nimemmiminia chai nikaiweka mezani upande wake wa kushoto, akaipiga kwa kiwiko ikamwagika yote, halafu akanigombeza kwa kuificha. Mwiko, sahani, nguzo ya lango, vyote siku hizi vinamwonea. Bega la kushoto lina alama za kugonga milango. Nikamwambia umezeeka mume wangu, akainuka akarudi karakana.

Wiki iliyopita alikwenda mjini. Aliniaga anakwenda kung'oa jino. Amerudi jioni na meno yake yote, hajavimba shavu, na hakuwa na hamu ya kula. Nimeuliza, ameniambia daktari ameahirisha. Mimi naona ni uchovu. Ana mawazo juu ya mguu wako, anakupenda kuliko anavyosema.

Ubao wa tatu uko tayari kupakwa faibaglasi. Anaupapasa kwa viganja huku amefumba macho. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Mama yako, mkazamjomba


28 Mei

Bata,

Huu hapa wa tatu. Mwembamba, mkia uliochongoka, kwa ajili ya mawimbi ya kwenye mawe pale rasini. Huu umenyooka. Nimeuhakikisha.

Andika upesi.

Mjomba wako, fundi


30 Juni

Shikamoo mjomba,

Naandika upesi kama ulivyotaka, ingawa sina la kukufurahisha.

Rasini nilikwenda siku ambayo wimbi lilikuwa zuri, refu kuliko mimi, lina tumbo, na linafungukia kushoto peke yake. Ukishuka pale usipogeuka kushoto mara moja, mbele yako ni mawe. Nililisubiri langu kwa muda mrefu nikiwa na woga, nikapiga moyo konde, nikaondoka. Nilisimama vizuri, mjomba. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikakandamiza kisigino na ubao ukapinda kulia, kuelekea mawe. Nimeshonwa begani na kwenye kidevu. Ubao umekwaruzika tu. Mume wangu alinitoa majini akiwa na viatu vyake.

Nimekwenda kwa daktari wa mifupa. Amepiga picha tena, amezishika kwenye mwanga, anasema haoni kasoro. Mfupa mzima, vyuma mahali pake. Nikamwambia daktari, mguu huu unanidanganya, mbao tatu tofauti na mawimbi matatu tofauti, na kosa ni lilelile, upande uleule. Mbao zinabadilika, mimi ndiye sibadiliki. Basi nimemsumbua mpaka amekubali kunifungua tena kifundo atazame mwenyewe ndani. Amenionya kwamba kikifunguliwa mara ya pili huenda nisitembee tena kama ninavyotembea sasa. Nimekubali. Tarehe ni kumi na nane Agosti.

Usinitengenezee mwingine. Umejitahidi kuliko ilivyostahili. Mguu ukishindikana, basi na maji yamekwisha kwangu, nitashona sare na nitazeeka. Samahani kwa mbao zako nzuri kupata miguu mibovu.

Mpwa wako, Bata


8 Julai

Bata,

Barua nimeipata. Pole kwa bega.

Huyo daktari asubiri. Mfupa haupendi kuguswa wakati wa baridi. Tena usikubali haraka kufunguliwa mwili, watu wa hospitali wakikosa kazi huitafuta. Mwambie mwakani.

Mjomba wako


21 Julai

Shikamoo mjomba,

Baridi gani? Mwakani nikiwa nimefanyaje?

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu kikiwa na kasoro unakifungua unatazama. Nilitegemea ungeniambia nijikaze. Tarehe haibadiliki. Nimeomba ruhusa kazini na mashine yangu ameshakabidhiwa mwenzangu.

Uniombee tu.

Bata


10 Agosti

Mpwa wangu,

Barua hii anakuletea mkazamjomba wako mkononi. Nimemwambia asiondoke mpaka uimalize. Nimemweleza yeye kwanza jana, akasimama akaanza kufunga begi.

Ningeweza kupiga simu. Nimeishika mara nyingi wiki hizi na kuirudisha. Kwenye simu ningezunguka maneno, ningekuuliza habari za mvua, na wewe ungelazwa kitandani ukapasuliwa.

Mguu wako ni mzima. Ni mbao zilizopinda. Zote tatu.

Chukua utepe wako. Kwenye ubao kuna kijiti cha mbao kinachopita katikati, juu na chini. Anzia kwenye kijiti juu, zungusha utepe ukingoni kama unavyozungusha kwenye mkono wa mteja, umalizie kwenye kijiti chini. Pima upande wa kulia, kisha upime wa kushoto, mahali palepale. Utakuta wa kushoto umenenepa. Ukingo mnene haukubali kuzama. Hata ungekuwa na kisigino cha tembo usingeugeuza kushoto.

Jicho langu la kushoto limekufa. La kulia limebaki na katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari wa macho aliniambia siku ile niliyosema nakwenda kung'oa jino. Lakini nilikwishajua kabla yake. Nilijua uliponiandikia kwamba ubao wa pili nao unakwenda kulia, hata wewe ukiwa umelala. Mtu aliyelala hakandamizi kisigino.

Unaijua karakana yangu, kuta nyeusi, taa ndefu pembeni, kulia na kushoto, usawa wa kiuno. Mwanga ukipita juu ya ubao unaacha kivuli, na kivuli ndicho kinachokuonyesha pa kupiga randa. Mafundi wengine huugeuza ubao huku na huku wakalinganisha. Mimi sigeuzi. Mwalimu wangu alinifundisha kusimama mkiani na kutazama pande zote mbili kwa pamoja. Alikuwa akisema anayegeuza ubao hayaamini macho yake. Nimeringa kwa hilo maisha yangu yote. Nimewacheka mafundi wanaogeuza. Basi nilisimama mkiani, nikatazama, nikaona kivuli cha kulia, na cha kushoto nikakiona pia. Sikukiona, Bata. Kichwa changu kilinichorea. Ningeugeuza mara moja tu, ningeuona unene ule.

Utauliza kwa nini sikusema baada ya wa pili. Kwa sababu nilijua nikisema, randa naiweka chini siku hiyohiyo na siichukui tena. Nikajiambia mmoja tu zaidi, nitatumia viganja, wa tatu utanyooka, na ukinyooka hakuna atakayejua kitu. Nikauleta kwako nikaandika kwamba nimeuhakikisha. Niliuhakikisha kwa kitu gani? Ulipanda wimbi la mawe juu ya uongo wangu. Halafu uliponiandikia kuhusu kufunguliwa mguu, bado nilitafuta habari za baridi.

Nakuomba usipasuliwe. Ukishapima, zichome.

Mjomba wako


17 Agosti

Mjomba,

Mkazamjomba anarudi kesho na barua hii. Hospitali nimewaambia siendi. Daktari hakuuliza sababu, aliona nafuu tu.

Tumepima. Niliziweka zote tatu sakafuni kazini baada ya watu kutoka, katikati ya meza za mashine, mkazamjomba akishika kichwa cha utepe. Wa kwanza umezidi kidogo kushoto. Wa pili umezidi upana wa kidole. Wa tatu, ule wa kwenye mawe, umezidi vidole viwili, na hata mtoto angeuona kwa macho. Mimi sikuuona. Ninayeona bega lililoshuka mtu akiwa bado mlangoni, nimeubeba ubao ule kwapani mwezi mzima sikuuona, kwa sababu ulikuwa wako.

Mkazamjomba alikaa kwenye kiti cha mashine yangu akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, na bado ninazo, na sitazifunika kwa kitambaa kizuri. Miezi yote hiyo niliuchukia mwili wangu. Nilikuwa nautukana mguu huu asubuhi jikoni, nikisimama juu yake. Nilikuwa tayari ukatwe. Imebaki siku moja tu; kesho ungekuwa umekatwa.

Ulinifundisha kwamba taarifa ni ya kweli. Mimi nilikuletea ya kweli kila mara, hata iliyoniaibisha. Wewe ulikuwa unaisoma zaidi ya mara moja, kisha unaniacha nijilaumu.

Sina la kuongeza.

Mpwa wako


30 Agosti

Bata,

Kila ulichoandika ni kweli. Sikijibu, maana kukijibu ni kujitetea.

Karakana nimeifunga. Randa na misumeno amechukua yule fundi niliyekuwa namcheka kwa kugeuza mbao. Alikuja na mke wake, akavipokea kwa mikono miwili, hakusema neno la kunibeza. Ningetamani aseme.

Mistari ya barua hii ikigongana, vumilia. Mkazamjomba wako ameniwekea rula chini ya kila mstari. Anasema na wewe ungecheka ungeona, lakini najua huna hali ya kucheka.

Daktari anasema jicho la kulia litafuata. Hajui lini, na mimi sijamuuliza tena.

Sikuombi msamaha kwa barua. Naomba kitu kimoja, na ukikataa nitaelewa. Ingia majini. Azima ubao wa mtu, kodi, chukua hata wa kiwandani uliomwagwa kwenye kalibu kama sabuni. Wowote ambao mkono wangu haujaugusa. Sitalala vizuri mpaka nijue ulikwenda kushoto.

Mjomba wako


5 Oktoba

Shikamoo mjomba,

Sikukuandikia mapema kwa sababu sikutaka kukuandikia. Mume wangu ndiye aliyenibeba juzi Jumapili, karibu kwa nguvu. Akasema yeye karanga zake amekosa pa kuzilia kwa miezi mingi.

Nilikodi ubao kwenye kile kibanda cha ufukoni. Wa kiwandani, wa bluu, umechubuka puani, una namba kubwa kama gari la zima moto. Tukaenda nao mlango wa mto. Wimbi lilikuwa la kifuani, limenyooka, upepo hakuna.

La kwanza nilidondoka. Unajua nilidondokea wapi? Kushoto. Nilikuwa nimezoea kukandamiza kisigino kama mtu anayevunja mlango, kumbe safari hii mlango ulikuwa wazi. Nilipotoka kwenye povu nikapiga makasia kurudi. La pili vilevile. La tatu nikajiambia legeza, nikabonyeza kidogo tu, kiasi ninachobonyeza kanyagio la cherehani nikishona kola. Ubao ukageuka. Ulikwenda kushoto, mjomba, ukapanda ukashuka kwenye ukuta wa wimbi, nikafika nalo mpaka mwisho, mpaka pezi likagusa mchanga. Nikarudi nikapanda mengine mpaka mwenye kibanda akaja kudai ubao wake.

Mguu ni mzima. Ulikuwa mzima tangu ule mwezi wa pili.

Halafu nikakaa mchangani nikalia, na safari hii chumvi haikuwa na kisingizio. Sikuwa nalilia mguu. Nilikuwa nimeteleza juu ya kitu cha kiwandani kilichonyooka, kizuri, na nilijua sitapanda tena ubao mpya wa mkono wako, na kwamba wewe ulilijua hilo peke yako, karakana, miezi yote, huku ukiandika juu ya mkia na mapezi. Bado nina hasira. Zitakwisha, nazijua zangu, lakini si leo. Na mbao zako sizichomi, usiniagize tena.

Mkazamjomba ameniambia nguvu ya jicho la kulia imepungua tangu uandike. Wewe hukulisema, ukarudia tabia zako. Kwa hiyo sisubiri likizo. Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Usije kituoni, kituoni watu wanasongamana na hutaniona. Mwambie mkazamjomba akutolee kiti akiweke mlangoni, kitazame lango moja kwa moja, nawe ukae, usigeuze kichwa huku wala huku.

Nitakuja bila kushikwa mkono na mtu. Nitapita katikati kabisa ya njia, polepole, ili uone miguu yote miwili.

Mpwa wako, Bata